Mtu wa Amu Katika Nairobi

Hapana mwezi upitao illa nipate simu au barua kutoka Amu, ya mzazi au ya kijana, akitaka kuniuliza neno moja: Nairobi hukaliwaje? Aulizaye hakusudii bei ya nyumba wala ya unga, kwani hayo ameshayasikia kwa wengine. Yeye, au mwanawe, amepata kazi au masomo huku bara, na moyo wake hauna utulivu; achelea kwamba mtu akitoka katika mji aliolelewa, akaingia katika mji wa watu zaidi ya milioni nne, kitapotea kwake kitu ambacho hakitarudi. Khofu hiyo si ya bure. Mimi huu ni mwaka wa sita niko huku, nikisomesha watoto Qur'ani, na mke wangu na watoto wetu wawili wa mwisho tuko pamoja. Basi nimeona bora niyaandike hapa niliyoyaona kwa macho yangu, ili wasomaji wayapate wote kwa mara moja, nami nipumzike kidogo na simu.

Kwanza yataka tujue mtu wa Amu anapohama huacha nini. Watu husema huacha bahari, na nazi, na upepo wa kusi. Hayo ni kweli, lakini si makubwa. Mji wa Amu ni mdogo, na vichochoro vyake ni vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Misikiti yake ni zaidi ya 20, na hakuna nyumba ambayo adhana haiingii dirishani. Nyingine hupata adhana tatu kwa pamoja. Nyumba zetu za mawe zina daka mlangoni, na daka lina baraza za kukalia, huku na huku. Kijana akitoka kwao kwenda dukani hupita mbele ya wazee kumi kabla ya kufika, na kila mmoja amjua ni mtoto wa nani, na mama yake ni mtu wa mtaa gani, Mkomani au Langoni. Akiwa na sigara ataificha. Ikiwa ni wakati wa sala ataulizwa aenda wapi. Hapana aliyeandikwa kazi hiyo wala anayelipwa mshahara. Ni mji wenyewe ufanyao. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni huja wakapiga picha milango na nakshi zake. Lakini kazi kubwa ya zile baraza wageni hawaioni. Mzazi wa Amu hulea nusu ya mtoto, na nusu iliyobaki hulelewa na mtaa.

Huku Nairobi nusu hiyo ya pili hapana wa kukufanyia. Na hilo ndilo nitakalo msomaji alishike tangu sasa, kwani mengine yote nitakayoyasema yatokana nalo. Kile ambacho kule kilifanyika chenyewe, huku hakifanyiki mpaka mtu akikusudie, akitengee wakati wake, na akirudie kila siku.

Tulihama kwa sababu mbili: madrasa moja ya Eastleigh iliniita kusomesha, na binti yetu alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Mama yangu mzazi alikataa kuja nasi, nami nitamtaja tena mbele. Safari yenyewe sitaieleza sana. Ni mashua mpaka Mokowe, kisha basi kupitia Witu na Garsen na Malindi mpaka Mombasa, njia ambayo sasa imetiwa lami lakini vizuizi vya askari ni vingi, na abiria hushushwa waonyeshe vitambulisho. Toka Mombasa tulipanda treni mpya, ile iliyoanza kazi mwaka 2017, iondokayo Miritini ikafika Syokimau baada ya saa tano au sita. Mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka saba, alikaa dirishani akihesabu ndovu wa Tsavo, akapata wanne. Mke wangu hakutazama nje. Yeye alikuwa akihesabu mizigo.

Mgeni wa Nairobi wa kutoka pwani, kitu cha kwanza kumpata ni mwili kukataa. Mji huu uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,700 na zaidi, na hewa ya juu ni nyepesi. Nyumba tuliyoipanga iko ghorofa ya nne, na mwezi wa kwanza nilikuwa nikisimama katika kila ghorofa kushusha pumzi, vijana wakinipita na mitungi ya maji mabegani kama waendao harusini. Kuanzia mwezi wa Juni mpaka Agosti jua hufichika, na alfajiri baridi hushuka mpaka daraja 11 au 12. Kutia udhu kwa maji ya wakati huo ni jihadi ya peke yake. Hata jikoni mambo yalibadilika. Mke wangu alidhani ameuziwa maharagwe mabovu, kwa kuwa yalikaa jikoni saa nyingi yasiive, akabadilisha duka mara mbili. Sababu si duka. Maji ya pwani huchemka kwa daraja 100, na ya hapa juu huchemka kwa kiasi cha daraja 94. Basi hata yakitokota vipi hayana moto ule wa kwetu. Dawa yake ni kuyarowesha maharagwe usiku kucha, na mwenye uwezo anunue sufuria ya presha.

Msidhani kuugua kwa mgeni ni unyonge wa imani. Maswahaba waliohamia Madina walishikwa na homa, na Sayyidna Abubakar na Sayyidna Bilali walikuwa miongoni mwao. Na Bilali kila homa ilipomwachilia alikuwa akipaza sauti akiyataja mabonde ya Makka na majani yake, kwa hamu. Wala Mtume (s.a.w.) hakumkemea kwa kuukumbuka mji wake. Alichofanya ni kumwomba Mola awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi. Nami huwaambia vijana wanaoona haya kulia: haya ya nini, na Bilali alilia?

Maji nayo ni somo. Mji huu hupata maji yake mengi kutoka bwawa la Ndakaini, mbali na mji, nayo hayatoshi watu wote, kwa hivyo mitaa hugawiwa siku. Kwetu sisi huja siku mbili kwa juma, na siku hizo nyumba nzima huamka kujaza mitungi. Mtu wa Amu, aliyezoea maji yatokayo chini ya michanga ya Shela, hujifunza hapa kutia udhu kwa birika moja likabaki, kama ilivyokuwa sunna tangu hapo, ila kule hatukuifuata kwa kuwa hatukulazimika.

Sasa nije katika sala, kwani hapa nimeona nyumba za watu wema zikiteleza. Jua halitui kwa saa moja kila mahali. Dunia huzunguka daraja moja kwa kila dakika nne, na Nairobi iko magharibi ya Amu kwa daraja nne na kidogo. Basi jua la Nairobi hutua nyuma ya jua la Amu kwa dakika 16 hivi. Baina ya Nairobi na Mombasa ni kiasi cha dakika 11, zaidi kidogo au pungufu kidogo kwa majira. Dakika 11 si kitu kwa mwenye kusubiri matatu, lakini kwa mwenye kufunga ni swaumu nzima. Ramadhani moja katika jumba letu ilikuwako nyumba ya watu wa Mombasa ambao, kwa mapenzi ya kwao, walikuwa wakisikiliza kwenye simu redio ya huko, na ilipoadhini wakafungua. Siku ya nne mtoto wao alitoka na tende mkononi, na jua bado liko juu ya paa la jumba la pili. Niliulizwa, nikajibu kwa madhehebu yetu ya Shafi: siku zile nne zalipwa, na dhambi hawana, kwani walidhani limetua. Walizilipa. Tangu hapo mlangoni mwao wametundika ratiba ya sala ya Nairobi, na redio yao ya Mombasa waisikiliza baada ya Isha.

Qibla pia kina khabari yake. Sisi tumezoea kwamba qibla ni kaskazini, na kwa Amu huelekea magharibi kidogo sana. Kwa Nairobi ni kaskazini pia, lakini kwa kuelekea mashariki kiasi cha daraja saba. Mwenye kuhamia nyumba mpya asitegemee dira ya simu akiwa karibu na milango ya chuma na nondo za ukutani, kwani chuma huipoteza dira. Na aende msikiti wa karibu atazame jua lilivyo na mihrabu ilivyo, kisha arudi apange mkeka wake.

Na msikiti huo wa karibu yambidi autafute. Mtaa wetu ni Pangani, na adhana husikika vyema alfajiri peke yake. Mchana humezwa na honi za matatu. Kule Amu hapana aulizaye msikiti uko wapi. Hapa ni la kwanza kuulizwa kabla ya kutoa kodi, na wengi huliuliza la mwisho.

Nimetaja Pangani. Msomaji asidhani ni ile ya Tanga, walakini jina latoka pwani, na kisa chake ni faraja kwa kila mgeni. Nairobi haikuwa mji. Wamaasai walipaita mahali hapa kwa maji yake ya baridi, na mwaka 1899 reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa ilifika, ikawekwa kambi. Pamoja na reli walikuja watu wetu: wapagazi, wapishi, maseremala, makarani, wafanya biashara ndogo ndogo. Wakajenga vijiji vyao kando ya kambi, kimoja wakakiita Mombasa, kimoja Maskini, kimoja Pangani. Hebu yatazame majina hayo. Mtu aliyeita kijiji chake Mombasa katikati ya baridi na matope ya Nairobi, moyo wake ulikuwa wapi? Na aliyekiita Maskini alisema kweli yake bila ya kuona haya. Baadaye serikali ya Kiingereza ikaona vijiji hivyo vimekaribia mno mji wa Wazungu, ikavibomoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikawatengea watu mahali papya, napo pakaitwa Pumwani, yaani pa kupumua. Pangani ya zamani ndiyo iliyobaki mwisho, nayo ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Mara mbili na tatu watu hao walihamishwa, na kila mahali walipotua walijenga msikiti na chuo cha watoto. Huko Pumwani, katika Majengo, mpaka leo uko msikiti uitwao Riyadha, jina lile lile la msikiti wa Habib Swaleh wa kwetu. Siku niliyolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa ndani ya gari, nikashuka kabla ya kituo changu.

Wahindi Waislamu waliokuja na reli nao hawakukaa bure. Msikiti wa Jamia ulioko katikati ya mji ulianza kujengwa mwaka 1925 ukamalizika mwaka 1933, nao una kuba tatu na minara miwili, na kando yake ni soko kuu. Ushauri wangu kwa mgeni ni huu: Ijumaa yako ya kwanza nenda Jamia, na ukisha toa salamu usikimbilie viatu vyako. Kaa. Simama mlangoni. Mimi nilisimama pale kiasi cha robo saa, nikasikia mtu nyuma yangu akisema "moya" badala ya "moja", na "ndia" badala ya "njia". Kugeuka, ni mtu wa Langoni, ana miaka 20 huku, na kwa yeye nikajulikana kwa wengine. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina bila ya kitu, na ndugu yake wa Kiansari akamtaka wagawane mali nusu kwa nusu, alimwombea baraka katika mali yake, kisha akaomba jambo moja, aonyeshwe soko liko wapi. Akaanza kwa kuuza samli na jibini. Mgeni hahitaji kupewa kila kitu. Ahitaji mtu wa kumwonyesha.

Lakini hayo ya msikitini na sokoni ni faraja za wanaume. Nataka sasa nizungumze na waume wenzangu, khasa wale wanaonipigia simu kuniuliza mambo ya kazi wasiulize ya wake zao. Mwanamke wa Amu, nyumba yake haikuwa kifungo kama wasemavyo wageni. Katika mitaa yetu ya zamani lipo wikio, daraja lililojengwa juu ya kichochoro kutoka nyumba hata nyumba, na kwa wikio sahani ya wali huvuka, na mtoto mchanga huvuka, na khabari huvuka, bila ya mtu kuteremka chini. Mwanamke huyo ukamweka katika vyumba viwili ghorofa ya nne, mlango wa chuma una kufuli tatu, chini kuna bawabu na daftari la kuandikia wageni, wewe ukatoka asubuhi ukarudi usiku: umemhamisha, au umemfunga? Mke wangu alikaa miezi tisa na hodi haikupigwa mlangoni kwetu na mtu asiyekuwa mwenye kusoma mita ya umeme.

Mwezi wa kumi, nao ulikuwa Julai, alishikwa na kifua. Mimi niko madrasa, binti yuko chuoni kwake, simu yangu imezimwa kwa ajili ya darasa. Mwanangu alitoka akabisha mlango wa pili. Pale hukaa mjane wa Kikuyu mwenyeji wa Nyeri, fundi wa kushona, ambaye mpaka siku hiyo sisi naye ilikuwa ni kuamkiana ngaziani. Mama yule alimtazama mke wangu akaona pumzi zake zapanda, akamwita bawabu, wakamteremsha ghorofa nne kwa mikono, akakodi gari kwa fedha zake, akampeleka hospitali, akaweka na amana iliyotakiwa langoni. Yalikuwa ni mapafu. Lakini lililonikaa moyoni zaidi ni hili alilonieleza mke wangu baadaye: kabla ya kutoka chumbani, yule mama alirudi ndani akatafuta mtandio, akamfunika kichwa vyema akaubana kwa pini, akamwambia, "Najua hutoki bila hii." Miezi tisa hatukuwa na mazungumzo naye, na miezi tisa alikuwa akituangalia kwa jicho jema.

Nilipokwenda kumrejeshea fedha zake alipokea ile amana ya hospitali, akakataa nauli ya gari. Basi tukarudi katika mila yetu. Mke wangu alipopata nguvu alipika mkate wa sinia akampelekea, na sahani haikurudi tupu. Ilirudi na nduma za kuchemsha. Tangu siku hiyo sahani huenda na kurudi. Wako miongoni mwetu waniambiao kuwa watu wa bara si wa kuzoeana nao, na kwamba mwenye dini akae na wenye dini yake. Mimi huwakumbusha Abdullahi bin Amri: kwao alichinjwa kondoo, na alipoingia, la kwanza kuuliza ni je, jirani yetu Myahudi ameshapelekewa sehemu yake? Na alipoulizwa alieleza kuwa Jibrili hakuacha kumhusia Mtume (s.a.w.) juu ya jirani, hata Mtume akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Haki ya jirani haikufungwa kwa dini yake. Na katika jumba la ghorofa jirani yuko juu yako, na chini yako, na pande zako zote.

Siku hizi mke wangu hushona kofia zetu za mkono katika chumba cha mama yule, yeye akishona sare za shule kwa cherehani. Mmoja hazungumzi Kikuyu na mwingine huuvunja Kiswahili vipande vipande, na vicheko vyao hufika ghorofa ya pili. Jumamosi mke wangu huhudhuria darasa la wanawake msikitini, naye ndiye aliyenilazimisha kuliandika jambo hili kwa urefu.

Kuhusu lugha nitapita upesi, ingawa wazazi hulalamikia hilo kuliko yote. Watoto watasema Sheng, hakuna njia ya kuwazuia. Huko shuleni asiyeijua hana wa kucheza naye. Mwanangu aliniambia siku moja "niaje", nami nikamjibu "masalkheri" mpaka akaamkia kwa adabu. Sheria ya nyumba yetu ni kwamba lugha ya nje huvuliwa mlangoni pamoja na viatu. Husahau, hukumbushwa. Mtoto aweza kuwa na ndimi tatu bila ya kudhurika, maadamu ule wa kwao hautupwi. Ninaloliogopa zaidi si Sheng, ni ile kamari ya mpira ya kwenye simu, ambayo vijana wengi wa pwani huianza huku kwa shilingi hamsini wakiwa peke yao chumbani, kwa kuwa hapana mzee wa barazani aliyewaona.

Liko na jambo la mauti, na mgeni hapendi kulifikiri. Mama yangu aliposema hahami, nilimuuliza sababu, akanijibu kwamba yeye ataka azikwe mahali ambapo wapitao wanamjua. Jawabu hilo lilinifuata mpaka huku. Mwaka wa kwanza alifariki kijana mmoja wa Faza, fundi umeme, chumbani kwake, naye hakuwa na ndugu katika mji. Tulipashana khabari kwa simu baada ya Adhuhuri, na kabla ya Magharibi alikuwa ameshakoshwa, amesaliwa, na kuzikwa katika makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Jina hilo lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa vita vya 1914 hadi 1918, watu waliochukuliwa makwao, na wengi hawakurudi. Tulikuwa kiasi cha watu sitini kaburini, na mimi nilikuwa siwajui hamsini katika hao. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja alitoa daftari tukaandikana majina na namba, na hicho ndicho chama chetu cha mazishi mpaka sasa. Kila mwezi kila mtu hutoa kidogo. Kijana anayehamia huku, kabla hajanunua kitanda, na ajiandikishe katika chama kama hicho. Mama yangu nilipomsimulia alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama yule kijana wa Faza alisomewa khitma. Nikamwambia alisomewa.

Limebaki la watoto na chuo, ambalo ndilo kazi yangu. Kule kwetu mtoto huenda shule, na alasiri huenda chuoni, na njia yote hiyo ni hatua mia mbili. Hapa mtoto hutoka na gari la shule kabla ya jua kutoka, hurudi karibu na Magharibi, na kazi ya shule humngoja. Kwa watoto wengi madrasa imebaki ni Jumamosi na Jumapili na wakati wa likizo. Nimewapokea watoto waliokuja kutoka Amu na Mombasa na Malindi wakiwa na juzuu tano na sita kifuani, na baada ya mwaka mmoja hamna hata mbili. Si watoto wabaya wala wazazi wao si wabaya. Qur'ani, kama alivyotufundisha Mtume (s.a.w.), hukimbia upesi kuliko ngamia aliyelegezewa kamba, na siku mbili kwa juma hazitoshi kumfunga ngamia. Mwanangu mwenyewe alikuwa ameanza kupoteza, na mimi ni mwalimu.

Nikahesabu saa za siku kama mfanyabiashara ahesabuvyo fedha, nikaona uko wakati mmoja tu ambao mji huu haujaudai: baina ya Alfajiri na gari la shule. Sala huingia saa kumi na moja na dakika kumi hivi, na gari hufika saa kumi na mbili na robo. Tulianza wawili, mimi na yeye, mkekani, blanketi mabegani, yeye akisoma nusu ukurasa mpya na kurudia kurasa mbili za zamani. Mwezi wa pili wale watu wa Mombasa wa ile redio walileta wao wawili. Kisha akaja msichana wa Kisomali wa ghorofa ya chini na mdogo wake. Sasa ni tisa, na chumba hakitoshi, wawili hukaa ngaziani mlango ukiwa wazi. Nilikhofia majirani watalalamika kwa kelele, nikaenda kwa fundi wa kushona kumtaka radhi. Akaniambia hapana neno, yeye huamka wakati huo huo, na sauti za watoto ndizo saa yake.

Mwanangu amerudisha juzuu zake na kuongeza mbili. Asubuhi ya leo alikuwa katika Suratu Yasin, na msichana wa Kisomali akimsahihisha kwa ukali, honi ya gari ikapigwa chini. Wote tisa wakafunga misahafu, wakatafuta viatu vyao penye fungu moja, wakateremka mbio.